Mkunjo wa Kumi na Moja

Chumba cha kujalidi vitabu
Jumatatu, 4 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Hunijui, lakini mimi nakujua mpaka ukurasa wa mia mbili ishirini na nne. Mimi ndiye ninayekunja kitabu chako. Hapa kiwandani wananiita Upepo kwa sababu ya mikono yangu, na kama kuna mtu anayekunja karatasi haraka kuliko mimi, basi bado hajazaliwa, au amezaliwa na anajificha.

Fundi Mkuu wetu ana sheria kwamba mfanyakazi hamwandikii mwandishi. Ndiyo maana barua hii nimeichomeka kwenye bahasha ya sampuli za jalada. Ukinisemea nitakana, na mwandiko wangu ni mbaya kiasi kwamba hakuna atakayeweza kuthibitisha ni wa mtu.

Nina malalamiko. Kwanza nikueleze sisi tunavyosoma. Kitabu hakiji hapa kama kitabu. Kinakuja kama karatasi kubwa kama shuka ya mtoto, kila moja ina kurasa kumi na sita, nane mbele na nane nyuma, nusu yake zimesimama kwa kichwa. Ukurasa wa kwanza umekaa jirani na wa kumi na sita. Mimi naikunja mara tatu, inakuwa mkunjo. Mikunjo kumi na minne ndiyo kitabu chako. Sasa mtu akitaka kusoma huku anakunja, anasoma kama kuku anavyodonoa, huku moja, kule moja.

Mimi nilianza na mkunjo wa kumi na moja kwa sababu ndio uliotoka kwanza mashineni. Nikamkuta huyu Karani wako wa Mizani amembeba mtoto asiye wake, mgonjwa, mvua inamnyeshea, anatembea saa tatu mpaka hospitali, anamkabidhi kwa muuguzi, anaondoka bila kutaja jina. Mwalimu, nilisimamisha kazi. Nikauweka mkunjo huo pembeni nikausoma mara mbili. Nikasema, huyu ndiye mtu.

Kesho yake ikaja mikunjo mingine. Kumbe huyo huyo anakanyaga mizani kwa kidole cha mguu ili mazao ya watu yapungue uzito! Kumbe anamfukuza mjane! Kumbe baba wa yule mtoto yuko jela kwa sababu Karani alisema uongo mahakamani! Nilijisikia kama nimemkopesha mtu shati langu zuri halafu nikamwona kalifanya tambara.

Umenidanganya. Mtu awe mmoja. Na pale mwanzo unapouliza kama binadamu huzaliwa na ubaya ndani yake, ukaita jambo hilo falsafa (nilidhani ni jina la dawa), mimi ningekujibu bure. Dada yangu ana mapacha wa miaka miwili. Mmoja anang'ata. Mwingine analia kabla hajang'atwa, ili mwenzake achapwe. Sasa hapo mbaya ni yupi? Shule nimeishia darasa la saba, na hilo la saba niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha, lakini hilo najua: ni yule anayelia.

Ni mimi,
Upepo, Bingwa wa Kukunja, Chumba Kizima


Ijumaa, 8 Machi

Kijana Upepo,

Marahaba. Bahasha imefika, na ndani yake nimekuta sampuli tatu za jalada na mtu mmoja mwenye maneno mengi. Jalada nimechagua la kijani. Huyo mtu nimeshindwa kumrudisha.

Nimefundisha miaka arobaini na mmoja. Kitabu hiki nimekiandika miaka tisa, kwenye nusu ya meza ya chakula, kwa kuwa nusu nyingine mkwe wangu anatengenezea redio. Katika muda wote huo wewe ndiye mtu wa kwanza kunigombeza. Mwanangu alisema "kizuri, mama." Mkwe alisema "kirefu, mama." Nikakosa hata wa kubishana naye.

Kwa hiyo nakujibu. Tendo jema la Karani nimeliweka karibu na mwisho kwa makusudi. Nataka msomaji amchukie kwanza, amchukie vizuri, ashibe. Halafu amwone na yule mtoto mgongoni, aone haya kwa chuki yake. Wewe umeanza na mvua, ndiyo maana umekasirika badala ya kuona haya. Lawama hizo wapelekee waliotengeneza mashine yenu.

Nikuambie siri ya mwalimu mzee. Kila mwaka niliandika ubaoni: "Je, mtu huzaliwa mbaya au hufanywa mbaya?" Kila mwaka watoto walinitazama usoni, wakabahatisha ninachotaka kusikia, wakanipa. Hawakugombana hata siku moja. Natamani, kabla sijafa, nione watu wakigombana kwa dhati kuhusu swali hilo, wakinyooshana vidole, wakisahau kwamba mimi nipo.

Hapa mjini tuna kikundi cha kusoma, tunakutana maktaba. Nimemwomba Fundi Mkuu wako anitangulizie nakala arobaini, hizo nyingine mia mbili sitini zifuate. Uzikunje vizuri.

Na kwa kuwa unajua pacha yupi ni mbaya, nijibu hili: mtu mwema ni yupi?

Mwalimu


Jumanne, 12 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Swali jepesi hivyo na umefundisha miaka arobaini na mmoja? Mtu mwema ni mimi.

Usicheke. Nimejichunguza. Siibi. Sijawahi kumpiga mtu asiyeanza. Dada yangu akiwa kazini nalea wale mapacha, na nimeng'atwa mahali ambapo siwezi kukutajia kwa heshima yako. Na hapa kiwandani kuna mama mmoja, mshonaji, tunamwita Mama Uzi. Mimi nikishapanga mikunjo kwa mpangilio, yeye ndiye anaishona kwa sindano mgongoni iwe kitabu. Ameanza kazi hii kabla sijazaliwa. Ndiye aliyenifundisha kukunja, na kila siku ananiambia, "Upepo, mdomo wako ungekuwa na mikono, tungemaliza kazi saa nne." Basi mimi asubuhi namletea maji yake ya kunywa mezani. Hakunituma mtu. Kama huo si wema, wema umehama nchi.

Tofauti yangu na Karani wako ni hii: mimi niko sawa mbele na nyuma. Unisome kuanzia ukurasa wowote, utanikuta ni mimi yule yule.

Nakala zako arobaini zinapanda basi leo. Nimezipanga mwenyewe Jumamosi. Mikunjo inawekwa mafungu kumi na manne kuizunguka meza, na mimi naizunguka nachukua mmoja mmoja, wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka kitabu kimetimia mkononi. Wenzangu wanatembea. Mimi nacheza. Arobaini kwa dakika ishirini na tano, saa ya ukutani ni shahidi, na namba za mikunjo sikuziangalia hata mara moja kwa sababu mikono hii inajua kuhesabu kuliko kichwa. Mimi sikosei, Mwalimu. Muulize yeyote hapa. Nimeshawaambia wote.

Waambie hao wa maktaba wasome kwa adabu.

Upepo, Bingwa wa Kukunja na Mtu Mwema


Jumatano, 20 Machi

Kijana wangu,

Kaa chini kwanza, maana sijui nianze na habari mbaya au nzuri, na safari hii ni habari moja.

Boksi lilifika Alhamisi. Nikafungua nakala ya kwanza, nikainusa kama mtoto mchanga. Nikasoma hadi ukurasa wa arobaini na nane, unaoishia hivi: "Karani akainama, akanyanyua". Ukurasa unaofuata ulitakiwa kuanza: "gunia la mwisho la yule mjane, akalitupa nje." Badala yake nikasoma: "yule mtoto, akamweka mgongoni, akatoka naye kwenye mvua." Nikatazama chini. Ukurasa wa mia moja sitini na moja! Mkunjo wako wa kumi na moja umekaa baada ya mkunjo wa tatu. Miaka tisa, Upepo. Niliumia. Nikaandika barua kali kwa Fundi Mkuu, nikaipeleka posta siku hiyo hiyo na viatu vya ndani mguuni.

Nakala nyingine zilikuwa zimeshachukuliwa na mkutubi na kugawiwa. Jumapili nikaenda maktaba kuomba radhi. Sikupata nafasi ya kufungua mdomo.

Muuguzi mstaafu alikuwa amesimama. Kinyozi alikuwa amesimama juu ya kiti. Wamesoma kitabu kama kilivyo! Wamempenda Karani mapema, kama wewe, halafu ubaya wake ukawashukia mmoja baada ya mwingine wakiwa tayari wamempenda. Kinyozi anasema yule ni mnafiki tangu mwanzo, mtoto alimbeba ili ajidanganye mwenyewe. Muuguzi anasema, "Wewe umewahi kubeba mtoto wa nani?" Kinyozi anasema namba za kurasa aliona zinaruka, akadhani waandishi wa siku hizi hawahesabu. Mkutubi anawaomba wanyamaze, halafu na yeye akaanza: ile sentensi ya kuinama! Akasema ndipo alipoelewa kwamba mgongo unainama namna moja tu, uwe unanyanyua mtoto au gunia la kudhulumu, na hujui mtu ananyanyua nini mpaka ugeuze ukurasa.

Sentensi hiyo sikuiandika mimi, Upepo. Imeandikwa na kosa. Nilikaa nyuma karibu na mlango, nikalia kwa furaha, na hakuna aliyekumbuka kwamba nipo.

Nasikitika sasa kwa ile barua kali. Natumaini haikumletea mtu balaa.

Mwalimu


Jumatatu, 25 Machi

Mwalimu, shikamoo.

Nimefurahi wamegombana.

Barua yako kwa Fundi Mkuu ilifika. Hapa sheria ni kwamba mshonaji ndiye anayekagua namba kabla sindano haijaingia, kwa hiyo Fundi alimwita Mama Uzi. Ikakumbukwa kwamba ile Jumamosi bunda la nakala lilianguka mezani kwake, akaliokota akalipanga upya. Basi ikaonekana hapo ndipo zilipochanganyika.

Mama hakubisha. Alisema, "Macho yangu, Fundi." Fundi si mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Anasema tangu mwaka jana anamwona mama akiipeleka sindano dirishani ndipo aitunge uzi, na kwamba labda wakati umefika apumzike. Siku yake ya mwisho ni Jumamosi hii. Wamechanga kununua kanga na keki.

Mimi namtungia uzi sasa, ili asihangaike. Nafagia chini ya meza yake pia. Maji nampelekea mara mbili.

Kazi ni nyingi, sitaandika sana.

Upepo


Jumatano, 27 Machi

Upepo,

Barua yako ni fupi kama ya mtu anayeandika akiwa amesimama. Tena ndiyo ya kwanza usiyojisifu ndani yake. Nikaanza kuogopa kabla sijaimaliza.

Jana nimefanya kazi ya kichaa. Nimezunguka mji mzima, kwa muuguzi, kwa kinyozi, kwa mkutubi, nyumba kwa nyumba, nikaomba kila aliye na nakala aifungue mbele yangu. Zote arobaini nimeziona. Zote, mkunjo wa kumi na moja umekaa baada ya wa tatu. Hakuna hata moja iliyokosea vingine.

Wewe ni fundi, mimi ni mwalimu tu. Lakini bunda likianguka sakafuni, karatasi huchanganyika ovyo, hii hivi na ile vile. Haziwezi kuokotwa arobaini zikakosea kwa namna moja. Kosa la namna moja limetoka mahali ambapo mafungu yalipangwa. Na wewe mwenyewe uliniandikia kuna mtu aliuweka mkunjo wa kumi na moja pembeni ili ausome mara mbili.

Ile "ikakumbukwa" yako, nimeitazama sana. Nani alikumbuka?

Sitamwandikia Fundi Mkuu. Kalamu ninayo, na stempu ninayo. Najua pia hakuna atakayekushtaki kwa sababu hukuiba, hukupiga, na hukusema hata neno moja ambalo si kweli. Bunda lilianguka. Lakini Jumamosi asubuhi nitapanda basi la kwanza nije huko, nifike saa sita. Nikikuta mama yule ameshaondoka na keki yake, nitasema mwenyewe. Ningependa nikute hakuna kazi ya kufanya.

Sikuandikii hivi kwa sababu nimekukinai. Miaka tisa nimemtafuta Karani wa Mizani kichwani mwangu, na kila nilipomkuta alikuwa mtu mchangamfu, anayependwa, anayempelekea mtu maji.

Mwalimu


Jumamosi, 30 Machi, jioni

Mwalimu, shikamoo, na pole kwa safari ya basi kuharibika njiani. Fundi alipokea simu yako. Rudi nyumbani, pumzika, hakuna kazi ya kufanya huku. Nakuandikia sasa hivi.

Barua yako niliipata jana saa tisa. Nikaenda nayo nyuma, kwenye vipande vya karatasi vya kutupa, nikakaa juu yake kama kuku. Nikaanza kukutungia jibu. Lilikuwa zuri sana hilo jibu! Lilithibitisha kwamba arobaini zinaweza kukosea namna moja kama zikianguka kwa upande fulani. Nikafika katikati, nikagundua najibishana na mtu ambaye hayupo, jasho linanitoka.

Nikuambie ukweli ulivyokuwa. Fundi alipouliza, nilijua. Nilijua palepale, kama unavyojua umekanyaga kitu laini kabla hujatazama chini. Na mdomo wangu, huu unaoniponza kila siku kwa kusema sana, siku hiyo ulisema maneno manne tu: "Mama, bunda si lilianguka?" Kwa sauti ya upole. Nilikuwa hata namsaidia kukumbuka! Nilidhani ubaya ukija utanikuta nimekunja ndita na kisu mkononi. Umekuja nimeshika kikombe cha maji ya mama.

Asubuhi leo wakamweka Mama Uzi kwenye kiti, keki mezani, kanga imekunjwa (nimeikunja mimi). Tayari ameshafunga sindano zake kwenye kitambaa. Fundi anatoa hotuba. Nikapanda juu ya kreti nikasema, "Kosa ni langu."

Wakacheka! Wote! Mpiga chapa akasema, "Shuka, Upepo, leo si siku ya vichekesho." Nikasema tena. Wakacheka zaidi, wengine wakapiga makofi, wakidhani nimetunga igizo la kumuaga mama. Hayo ndiyo malipo ya mtu anayetania kila siku: nimepata ujasiri mara moja maishani na sikupata wa kuniamini. Ikabidi nishuke, nipange mafungu kumi na manne kuizunguka meza kama Jumamosi ile, nichukue la kumi na moja, nijifanye nasoma, halafu nilirudishe pale nilipoliweka siku ile, baada ya fungu la tatu. Nikazunguka mara moja taratibu, nikampa Fundi kitabu. Nikamwambia na habari ya nyumba ulizozunguka wewe.

Fundi akafungua ukurasa wa arobaini na nane. Akasema, "Arobaini zote hivi?" Nikasema zote. Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa.

Mama Uzi akasimama. Mwalimu, sitasahau. Akasema polepole, "Kumbe niliona."

Fundi akasema, "Uliona nini, mama?"

"Niliona namba kumi na moja imekaa baada ya tatu. Kabla bunda halijaanguka. Nakala ya kwanza kabisa, niliona, na ya pili nikaona. Nikajisemea, huyu kijana anasema hakosei, kila siku anasema hakosei, basi macho yangu ndiyo yanayoona vitu visivyokuwepo. Nikashona." Halafu akapaza sauti, "Kumbe naona! Naona, jamani!"

Akanipiga na donge la uzi kichwani. Akaliokota, akanipiga tena. Alikuwa anacheka machozi yanamtoka, na sisi wote tukaanza, hata mpiga chapa. Fundi akachukua karatasi yenye maandishi madogo kama sisimizi, akasimama nayo mlangoni, hatua kumi. Mama akaisoma yote mpaka jina la kiwanda cha wino. "Sasa mbona unapeleka sindano dirishani?" Fundi akauliza. Mama akanyoosha kidole juu. Tukatazama wote. Taa iliyo juu ya meza yake imeungua. Tangu mwaka jana! Alishasema mara mbili, akachoka kusema. Fundi Mkuu mwenyewe akaleta ngazi, akapanda, akabadilisha taa, tai inamning'inia, na hakuna aliyethubutu kumshikia ngazi isipokuwa mama.

Nilidhani mambo yameisha kwa furaha, nikaanza kujichekesha. Mama akanigeukia. Hakuwa anacheka tena. Akasema, "Wiki nzima, Upepo. Wiki nzima nilikuwa naogopa kuvuka barabara."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilifikiria kazi yake, nilifikiria yangu. Sikujua kwamba nilikuwa nimemnyang'anya na barabara.

Nikaokota donge la uzi, nikamrudishia mkononi.

Fundi alitaka kunifukuza. Mama akakata keki, akampa kipande, akasema, "Niachie mimi miezi mitatu. Asikunje. Ashone." Kwa hiyo bingwa wa kukunja hayupo tena. Kuanzia Jumatatu nakaa kwenye kigoda, nashika sindano, naambiwa ninyamaze. Kanga amechukua. Amesema ameshachangiwa, hairudi.

Ule msemo wangu kwamba nisomwe kuanzia ukurasa wowote, naomba uufute.

Upepo


Jumanne, 2 Aprili

Mwalimu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ndiye mshonaji wa kitabu chako. Kijana amekaa hapa kando yangu na ametaka kuniandikia barua hii kwa sababu, eti, yeye ana uzoefu wa kukuandikia. Nimekataa. Mkono wangu ni mzito lakini taa ni mpya.

Fundi amenieleza uliyomwambia kwenye simu: hizo mia mbili sitini zilizobaki zishonwe kama ulivyoandika mwenyewe, na zile arobaini hutaki zirudi, kwa kuwa kinyozi ameapa kwamba yake itaondoka mkononi mwake akiwa maiti. Sawa. Nimeanza jana. Namba nakagua mimi, na nikiona naamini ninachoona.

Kitabu chako sikukisoma. Nimeshona vitabu vingi kuliko nywele zangu, na ningevisoma vyote ningekuwa wakili. Lakini mkunjo wa kumi na moja nimeusoma, nimjue huyo mtu aliyekaribia kunitoa kazini. Nilimwelewa. Kumbeba yule mtoto hakukuwa kugumu kwake, mgongo alikuwa nao. Kugumu kulikuwa kutaja jina lake pale mlangoni pa hospitali, na hilo hakuliweza. Unisamehe kama nimekosea, sikusoma falsafa.

Umemuuliza Fundi kama nimemsamehe kijana, na kama kwa maoni yangu ni mtu mwema au mbaya. Kumsamehe, bado. Nikivuka barabara bado mguu unasita mara ya kwanza, na siku usiposita nitamwambia. Anajua. Hajaniuliza itakuwa lini, na kwa yeye kutouliza kitu ni kama mtu mwingine kufunga mwezi mzima.

Lile la pili silijui. Mimi naangalia mshono. Jana alishona vitabu sita, vinne nikavifumua, vilikuwa vimelegea kama soksi. Alinung'unika mpaka chumba kizima kikacheka, akadai sindano ni mbovu, uzi ni mbovu, kigoda kina mguu mfupi. Leo ameshona vitano. Nimefumua kimoja tu, na hicho alikileta mwenyewe, kabla sijakiona.

Wako,
Mama Uzi